Nyumba Inaegemea Nyuma Kwenye Picha: Jinsi ya Kuinyoosha kwa Simu au Kompyuta

Wiki haiishi bila mtu kunitumia picha ya nyumba na swali lile lile: "Kaka, mbona ghorofa langu linaanguka kinyumenyume?" Wanaouliza ni madalali wa Njiro na Sakina, Arusha, wanaotangaza fremu na nyumba za kupanga, ni wenye gesti za Moshi wanaotaka picha za kuwaonyesha wageni wa mlima, na ni vijana wanaoanza kazi ya picha, baadhi wakiwa na kamera nzuri kuliko yangu. Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limekauka. Sasa nimeandika. Soma taratibu, halafu fanya ukiwa na picha yako mwenyewe mbele yako, maana kusoma peke yake hakutakusaidia.

Nitaonyesha kwa programu za kuhariri picha: Snapseed ya simu, kwa sababu ni ya bure na wengi mnayo, kisha kwa GIMP ya kompyuta, nayo ni ya bure. Mwenye Lightroom, programu nyingine ya kuhariri, nitamgusia njiani.

Tatizo lenyewe, kwa kifupi

Ukisimama mbele ya jengo na kuinua simu ili paa liingie, simu haiko tena sambamba na ukuta. Imelala kidogo. Sehemu ya juu ya jengo iko mbali zaidi na lenzi kuliko sehemu ya chini, na kilicho mbali huonekana kidogo. Kwa hiyo kuta mbili za pembeni zinasogeleana kadiri zinavyopanda, kama reli zinavyosogeleana ukizitazama kwa mbali pale stesheni ya Moshi. Ukipiga kutoka ghorofani ukielekeza simu chini, mambo yanageuka: jengo linakuwa pana juu na jembamba chini. Na ukisimama kando badala ya kusimama katikati, mistari ya ulalo nayo inafanya vivyo hivyo, upande mmoja mkubwa, mwingine mdogo.

Nadharia imeishia hapo. Lenzi haina kosa, simu haijaharibika.

Timazi kwanza, pimamaji baadaye

Kama umewahi kusimamia ujenzi unajua fundi mwashi hatoki nyumbani bila vitu viwili: timazi, ule uzi wenye kizito unaoonyesha wima, na pimamaji inayoonyesha ulalo. Kwenye picha za huku kwetu, fuata timazi kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu maelekezo mengi utakayokutana nayo yameandikwa na watu wa nchi tambarare au wa pwani, wanaokuambia "nyoosha upeo wa macho." Upeo gani? Moshi kutoka Shanty Town kushuka mjini hadi Pasua ni mteremko. Arusha imekaa kwenye miguu ya Meru, barabara nyingi zinapanda au zinashuka hata pale ambapo jicho limeshazoea na kuziona ziko sawa.

Yalinikuta. Miaka ya mwanzo nilipiga picha ya duka la vifaa vya ujenzi Moshi, nikaichukua kompyutani, nikalaza ukingo wa lami ukawa sawa kabisa, kama meza. Nikajisifu. Mteja akaipenda pia, mpaka mkewe alipouliza kwa upole kwa nini mnara wa msikiti ulioko nyuma umelewa. Barabara ile ilikuwa inashuka kiasi cha digrii mbili hivi, na mimi nikazichukua digrii hizo mbili nikautwisha msikiti na duka lenyewe. Nilirudia kazi bila malipo.

Mlima nao usiutumie kama pimamaji. Ukitazama Kilimanjaro kutoka Moshi mjini, Kibo yenye mita 5,895 iko kushoto na Mawenzi yenye mita 5,149 iko kulia. Mstari unaounganisha vilele hivyo lazima uteremke kuelekea kulia, na mabega ya mlima hayana ulazima wa kulingana. Nimeona kalenda ambayo mtu ameuzungusha mlima mpaka ukakaa "vizuri", huku migomba yote ya mbele imelala upande mmoja kana kwamba kuna tufani.

Vya kuaminika ni hivi: kona za kuta za matofali au zege, fremu za milango na madirisha, nguzo za zege za baraza, na mistari ya vigae vya ukutani. Bomba la maji ya mvua linalofuata kona nalo ni zuri.

Usiviamini: nguzo za umeme za mbao, miti, uzio wa mabanzi, geti la bati, ukingo wa barabara na mabango ya barabarani. Minara ya simu ina ujanja wake. Mingi imejengwa pana chini na nyembamba juu, kwa hiyo pande zake mbili zinapaswa kukaribiana. Kinachotakiwa kuwa wima pale ni mstari wa katikati tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Picha ya awali, ile iliyotoka kwenye kamera. Si ile uliyotumiwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana inapunguzwa. Mwambie aliyekutumia aitume upya kama faili, yaani kupitia sehemu ya Document. Itakula bando zaidi, lakini ndiyo picha yenyewe.
- Snapseed kwenye simu, au GIMP kwenye kompyuta. Vyote pakua kutoka sehemu rasmi, si kwa rafiki mwenye flashi.
- Nakala ya picha. Usihariri faili pekee uliyonayo.
- Nafasi ya ziada kuzunguka jengo kwenye picha. Hii ndiyo wengi hawana, kwa hiyo tuanze nayo.

Hatua za kupiga picha inayonyoosheka

Dakika mbili za kupiga vizuri zinaokoa nusu saa ya kuhariri. Kama picha umeshapiga na huwezi kurudi, ruka sehemu hii.

1. Washa gridi kwenye mipangilio ya kamera ya simu. Ile mistari miwili ya wima inayotokea ndiyo timazi yako ya papo kwa papo.

2. Rudi nyuma mpaka jengo liingie bila kuinua simu. Nipige hesabu kidogo: nyumba ya ghorofa moja yenye kimo cha mita 8, simu ukiishika wima usawa wa kifua, utahitaji kusimama kama mita 10 kutoka ukutani kwa lenzi ya kawaida ya simu. Ukiishika simu kwa ulalo, mita 13 au 14. Sehemu ya chini ya picha itajaa barabara na bodaboda. Isikusumbue, utaikata baadaye. Picha iliyopigwa simu ikiwa wima sawasawa na barabara nyingi chini ni bora kuliko iliyojaa jengo lililolala.

3. Mtaa ni mwembamba na huwezi kurudi? Omba kupanda ghorofa ya jengo la mkabala. Ukiwa nusu ya kimo cha jengo unalolipiga, tatizo linakwisha karibu lote. Wenye maduka wengi hukubali ukiwaeleza, hasa ukiwasalimia kwanza kabla ya kuonyesha kamera.

4. Ikishindikana kabisa, inua simu, lakini acha nafasi pande zote: karibu robo ya upana wa jengo kushoto na robo kulia, na anga la kutosha juu ya paa. Kunyoosha kunakula kingo.

5. Epuka ile lenzi pana ya 0.5 isipokuwa huna budi. Inavuta vitu vya pembeni vibaya, na ukiongeza kunyoosha juu yake gari lililoegeshwa kwenye kona linakuwa basi.

Neno moja la pembeni: ukitaka kufanyia mazoezi jengo lenye mistari mingi, majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa pale Arusha, yana madirisha yaliyopangana safu kwa safu, na Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho, ni la chini na unaweza kurudi nyuma bila shida. Waulize walinzi kwanza. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na ofisi za serikali usizielekezee kamera bila ruhusa, hata ukiwa na nia safi ya kunyoosha mistari.

Kunyoosha kwa Snapseed

Majina ya vitufe nayaandika kama yanavyosomeka kwenye simu. Mpangilio wa skrini unaweza kutofautiana kidogo kulingana na toleo ulilonalo.

1. Fungua picha. Kabla hujagusa kitu, tafuta mstari wa wima ulio karibu zaidi na katikati ya picha: ukingo wa mlango, nguzo ya baraza, pembe ya dirisha. Mstari wa katikati hauathiriwi na kuinua simu kama ya pembeni inavyoathiriwa. Ukiwa umelala, maana yake mkono wako ulipinda, na hilo linatengenezwa kwa kuzungusha tu.

2. Gusa Tools, kisha Rotate. Zungusha polepole mpaka mstari ule wa katikati usimame. Usidharau kiasi kidogo: digrii 1 kwenye picha yenye upana wa pikseli 4,000 (pikseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha) ni tofauti ya pikseli kama 70 kutoka ukingo hadi ukingo, na jicho la mteja linaiona hata kama hajui anachoona. Thibitisha.

3. Rudi Tools, gusa Perspective. Utaona namna kadhaa za kufanya kazi: Tilt, Rotate, Scale na Free. Anza na Tilt.

4. Kabla ya kuburuta, chagua jinsi pembe tupu zitakavyojazwa. Programu hujaza yenyewe ukiweka Smart, au huacha nyeusi au nyeupe. Mimi naweka nyeusi. Nataka kuona nimepoteza nini, kisha nikate mwenyewe.

5. Buruta kidole juu au chini. Jengo litaanza kuinuka. Angalia kona ya kushoto ya jengo na kona ya kulia kwa pamoja, si moja. Zikianza kuwa sambamba, simama. Kisha rudisha nyuma kidogo sana.

Kuhusu hiyo "rudisha nyuma" nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo inayotenganisha kazi safi na kazi ya kilevi. Macho yetu yamezoea kuona jengo refu likipungua kidogo kuelekea juu. Ukilinyoosha mpaka mwisho, kuta zikawa sambamba kwa rula, jengo la ghorofa tatu au nne linaonekana kama limetanuka kichwa na linataka kukuangukia usoni. Niliwahi kumtengenezea mzee mmoja wa Ngarenaro picha ya jengo lake nikalinyoosha kihesabu kabisa. Akanipigia: "Kijana wangu, kazi nzuri, lakini nyumba yangu umeivika kilemba." Alikuwa sahihi. Nilirudisha kama moja ya kumi ya marekebisho, akafurahi. Nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, inyooshe yote. Kadiri jengo linavyokuwa refu, ndivyo unavyobakiza.

6. Kama ulisimama mbele katikati na mistari ya ulalo bado inapanda upande mmoja, buruta kushoto au kulia kidogo. Lakini kama ulipiga kwa makusudi ukiwa kwenye kona, ili pande mbili za jengo zionekane, usiiguse ulalo. Picha ya kona inatakiwa kuwa na mistari inayokimbia. Nyoosha wima peke yake uache.

7. Ikiwa kona ya kushoto imesimama na ya kulia bado imelala, nenda Free. Hapo unashika pembe moja ya picha na kuivuta peke yake. Ni chombo chenye nguvu na rahisi kuharibu, kwa hiyo vuta kidogo, tazama, vuta tena.

8. Angalia kimo. Kunyoosha mara nyingi hulifanya jengo lionekane fupi na pana, au jembamba na refu kuliko lilivyo. Tafuta kitu unachokijua umbo lake: gurudumu la gari lililopigwa ubavu linatakiwa liwe duara, dirisha la mraba liwe mraba. Tumia Scale kurekebisha mpaka gurudumu liwe duara.

9. Thibitisha, kisha Crop ili kuondoa pembe nyeusi. Kata na ile barabara ya ziada ya chini. Acha anga kiasi juu ya paa, jengo lisigonge dari la picha.

10. Bonyeza picha uishikilie kidole ili uone ya awali, uachie uone mpya. Rudia mara tatu nne. Kama unaona paa linaruka kama chemchemi, umezidisha. Rudi hatua ya 5.

11. Mwisho, Export na uhifadhi nakala. Kuongeza mwanga, rangi na ukali kufanye sasa, baada ya mistari kukaa. Ukiongeza ukali kwanza halafu ukanyoosha, sehemu ya juu inabeba chengachenga.

Wenye iPhone mnaweza kufanya hatua 2, 5 na 6 ndani ya programu ya picha iliyokuja na simu: ukigusa Edit kisha sehemu ya kukata, kuna vitufe vitatu, cha kuzungusha, cha wima na cha ulalo. Kwa nyumba ya kawaida vinatosha.

Kunyoosha kwa GIMP

Picha ya kuchapishwa kwenye bango, nenda kompyutani. Skrini kubwa inakuonyesha makosa ambayo simu inayaficha.

1. Fungua picha. Nenda menyu ya Layer, Transparency, kisha Add Alpha Channel. Ukisahau hatua hii, pembe tupu zitajazwa rangi ya usuli badala ya kuwa wazi.

2. Shika rula iliyoko kushoto mwa dirisha kwa kipanya, buruta kuelekea ndani ya picha. Utapata mstari wa mwongozo wa wima. Vuta miwili au mitatu uweke karibu na kona za jengo. Hiyo ndiyo timazi yako. Haichapishwi, ipo kwa ajili ya jicho tu.

3. Kama lenzi imevimbisha kuta, yaani zimepinda nje kama pipa, tengeneza hilo kwanza: Filters, Distorts, Lens Distortion, ucheze na thamani ya Main mpaka ukuta uwe mstari mnyoofu, hata kama bado umelala. Mstari uliopinda hauwezi kunyooshwa kwa kuinamisha picha. Wa Lightroom wawashe marekebisho ya lenzi kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kitu kingine chochote.

4. Chagua chombo cha Perspective, au bonyeza Shift na P.

5. Kwenye chaguo za chombo, pale Direction, weka Corrective. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiacha Normal, unavuta picha yenyewe. Ukiweka Corrective, unavuta gridi mpaka ilale juu ya mistari iliyopinda, na kompyuta inafanya kinyume chake. Kwa jengo, Corrective ni rahisi mara kumi.

6. Buruta pembe nne za gridi mpaka mistari yake ya wima ifuate kona za jengo jinsi zilivyolala. Si lazima pembe za gridi zikae kwenye pembe za jengo. Kinachotakiwa ni mistari ifuatane. Kuza picha uangalie kwa karibu, hasa chini na juu.

7. Bonyeza Transform usubiri. Kompyuta kuukuu itachukua muda, usibonyeze tena na tena.

8. Linganisha na ile miongozo uliyoweka. Ukiona umezidisha, Ctrl na Z, urudie. Usirekebishe juu ya marekebisho: kila unaponyoosha, pikseli zinapikwa upya na picha inalainika. Mara moja iliyo sahihi ni bora kuliko mara tano za kubahatisha.

9. Image, kisha Fit Canvas to Layers, ili uone picha nzima na pembe zake. Rekebisha kimo kwa chombo cha Scale kama gurudumu limekuwa yai. Kisha kata.

10. File, Export As, andika jina lenye .jpg mwishoni. Ukitumia Save ya kawaida utapata faili la GIMP ambalo mteja hawezi kulifungua kwenye simu, na atakupigia usiku.

Kwenye Lightroom ya kompyuta kazi hii iko sehemu ya Transform. Kitufe cha Auto hufaulu mara nyingi kwa jengo lililopigwa vizuri, lakini kwenye mitaa yenye mteremko kinaweza kudanganywa na barabara kama nilivyodanganywa mimi. Tumia Guided: unachora mistari miwili juu ya kona mbili za wima, na unaweza kuongeza mpaka minne kama unataka na ulalo. Ukichora miwili ya wima peke yake, barabara haina nafasi ya kukuvuruga.

Vitu bapa: michoro, vitenge, nyaraka

Wauza michoro ya Tingatinga nao huniuliza. Kwao ni rahisi zaidi, maana mchoro una pembe nne halisi. Pima upana na urefu wa mchoro kwa futi kamba. Kwenye GIMP tumia Corrective, pembe nne za gridi zikae juu ya pembe nne za mchoro, Transform, kata, kisha weka uwiano ule uliopima. Mchoro wa sentimita 60 kwa 40 ukitoka 60 kwa 45 kwenye picha, mnunuzi wa mbali akipokea mzigo ataona tofauti.

Makosa na maswali yanayojirudia

*Sehemu ya juu ya jengo imekuwa na ukungu.* Umeikuza. Tuseme chini jengo lina upana wa pikseli 2,600 na juu 2,000. Ili kuta ziwe sambamba, juu lazima ipanuliwe mara 1.3, na pikseli hizo za ziada kompyuta imezikisia. Ikizidi mara moja na nusu, mimi huwa narudi kupiga upya. Kwa picha ya kutazamwa kwenye simu haitaonekana, kwa bango itaonekana.

*Mgomba umekuwa pacha pembeni.* Ni ile Smart. Inachukua kilichopo karibu na kukirudufu. Kwenye anga au ukuta mtupu haina neno. Kwenye migomba, watu au maandishi ya bango inaleta vituko. Weka nyeusi ukate.

*Watu waliosimama pembeni wamenenepa.* Ndivyo kunyoosha kunavyowafanyia walioko kwenye kona. Wakate, au piga upya wakiwa katikati. Kumnyoosha mtu peke yake baada ya hapo ni kazi ndefu kuliko thamani yake.

*Nimenyoosha nyumba, mlima umerefuka.* Kweli, mlima uko juu ya picha, na juu ndiko kunakovutwa zaidi. Kama gesti yako imepigwa na Kibo nyuma yake, tumia Scale kurudisha kimo, na linganisha na picha ya mlima ambayo haijaguswa. Watu wa Moshi wanaujua mlima wao kama wanavyoijua sura ya mama, huwezi kuwapa uliochongoka. Asubuhi na mapema, kabla ya mawingu, rudi upige simu ikiwa wima na hutahitaji kuunyoosha.

*Nikikata, jengo halina nafasi pembeni.* Hukuacha robo. Jaribu kunyoosha nusu tu. Jengo lililolala kidogo lenye nafasi ya kupumua linauzika kuliko lililonyooka lililokatwa mabega.

*Mistari yote imekaa sawa lakini bado kuna kitu kinaniudhi.* Zungusha picha juu chini, miguu iwe angani, uitazame. Jicho likiacha kuona nyumba na kuanza kuona mistari mitupu, kasoro inajitokeza. Mara nyingi ni kona moja iliyopungua nusu digrii.

*Kila kitu kimenyooka isipokuwa ukuta mmoja wa uani.* Nenda na timazi halisi ukaupime. Dalali mmoja alinisumbua jioni nzima na picha ya namna hiyo, nikavuta huku, nikavuta kule, ukuta haukubali. Asubuhi tulikwenda naye. Maji ya mvua yalikuwa yamekula msingi upande ule, na ukuta wenyewe ulikuwa umelala kama vidole vinne hivi. Picha ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Tuliiacha kama ilivyo, akamwita fundi.